Kaa, Kaakaa

Ufizi wangu ulikuwa umerudi nyuma
kama maji ya Nyumba ya Mungu mwezi wa kumi,
mizizi ya meno mawili imebaki nje
kama visiki.
Daktari Namnyaki akasema: tutakata nyama huku juu,
kwenye kaakaa, tuje kuishona hapa chini.
Nikawaza, huku si kung'oa bati la paa
kuziba ufa wa ukuta?
Na masika je?
Akacheka. Paa hili, akasema, huota tena.

Hakuniuliza kazi yangu mpaka ganzi ilipokwisha kupanda.
Nikamwandikia nyuma ya risiti:
mwonja kahawa, miaka kumi na tisa.
Akasita, mkono hewani.
Kisha akanisomea masharti
kama karani anayesoma hati ya mashtaka:
usinywe cha moto,
usifyonze,
usiteme kwa nguvu.

Sasa niambieni, mimi hufanya nini kingine?
Vikombe themanini kwa asubuhi moja,
navuta kila kijiko kwa kelele
mpaka kahawa ipige dari ya kinywa
na kutawanyika kama manyunyu,
halafu natema ndooni.
Miaka kumi na tisa, na sijui koo langu
lina maoni gani.

Usiku wa kwanza damu ilichuruzika.
Nikachukua kipakiti cha chai, kimelowa, kimepoa,
nikakibana juu kwa kidole gumba
mbele ya kioo cha bafuni,
dakika ishirini za saa ya ukutani inayochelewa.
Chai! Mimi!
Nikaiomba kahawa radhi.

Mama Ngilisho, mkwe wangu, akashuka kutoka Uru
na ndoo ndogo ya mtori.
Hakunipa. Akaketi nao kibarazani,
akaupepea kwa ncha ya kanga
kama vile mtori ndio unaoumwa.
Nikaula baridi, kwa kijiko cha mtoto, upande wa kushoto,
bila pilipili, bila mfupa, bila neno.

Ulimi ndio uliokuwa adui.
Kila nikisinzia unapanda darini
kupapasa kile kibati cha plastiki,
kuhesabu nyuzi,
kama mtoto aliyeambiwa asifungue kabati.
Nikauambia: kaa.
Nawe, kaakaa, kaa.
Kaa la moto uliloachiwa
liache lizimike lenyewe, usilipulize.

Chumvi nusu kijiko, maji ya uvuguvugu.
Sisukutui. Nainamisha kichwa tu, kulia, kushoto,
kama anayetega sikio kwa redio ya jirani,
na maji nayaacha yadondoke yenyewe.

Siku ya sita kidonda kikawa cheupe.
Nikapiga simu nikilia: usaha!
Si usaha, akasema Daktari, ni utando,
ndivyo nyama inavyojifuma. Usikwangue.
Nyuma yake nilisikia mashine ikikereza jino la mtu mwingine.

Siku ya kumi na moja, uwaridi pembeni.
Bariki akatuma ujumbe kutoka kazini:
sampuli za Kibosho zimeingia, dada, zina
nikaufuta kabla sijafika mwisho.

Wiki ya tano nikarudi mezani.
Wenzangu wakavuta, wakatema, wakaandika alama,
wakahamia meza ya pili.
Mimi nasubiri kikombe kimoja kipoe,
na kwa mara ya kwanza nikamwelewa Mama Ngilisho.
Nikatia kijiko mdomoni bila kelele.
Kahawa ikapanda polepole,
ikakuta pale palipokuwa shimo
mkunjo mdogo, laini, mgeni,
ikapita juu yake
kama maji ya mfereji yanavyozoea jiwe jipya.
Limau, ndiyo.
Na nyuma ya limau, mbali kidogo,
kitu ambacho fomu yetu haina mstari wa kukiandika.

Bariki akanisogezea ndoo kwa mguu.
Nikaitazama.
Nikameza.